Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: bomba la wodini ni la nani?

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Nakuandikia nikiwa ndugu wa mgonjwa tu. Si daktari, si nesi, wala sina ugomvi wa kisiasa na mtu. Nililala siku 23 kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha dada yangu, na mtu akikaa mahali pamoja siku 23 huyaona ambayo msafara wa wageni wa heshima hauyaoni.

Dada aliingia hospitali mzima wa afya, mkoba wake kaubeba mwenyewe, anakwenda kujifungua. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, ikabidi afanyiwe upasuaji. Upasuaji ulikwenda salama, na daktari aliyemfanyia nampa heshima yake. Siku ya nne homa ikapanda. Siku ya tano bandeji ikaloa maji yenye harufu. Siku ya sita mshono ukafumuka. Mtoto akapelekwa nyumbani kwa bibi yake, mama akabaki anaoshwa usaha kila asubuhi huku maziwa yamemjaa kifuani na wa kuyanyonya hayupo. Dawa ya kwanza haikufua dafu. Ya pili vilevile. Ya tatu ndiyo iliyomshika. Leo yuko nyumbani, anatembea, namshukuru Mungu.

Sasa nije kwenye bomba.

Juu ya sinki la wodi ile kuna bango la rangi, limechapwa kwa ustadi, linaonyesha kwa picha jinsi ya kunawa mikono: kiganja kwa kiganja, katikati ya vidole, kidole gumba, kucha. Chini ya bango kuna bomba. Nililifungua siku ya kwanza likakohoa. Siku ya pili hata kukohoa halikukohoa. Kwenye kisahani cha sabuni palikuwa na alama ya mviringo, kumbukumbu ya kipande kilichowahi kukaa pale. Kichupa cha kitakasa mikono kilikuwapo mlangoni, kimefungwa ukutani kwa waya ili kisiibwe, kikiwa kitupu. Nilicheka kidogo, nikiri. Chupa tupu nayo inalindwa.

Mshono ulipofumuka nikaanza kuuliza. Sikuuliza kwa hasira, niliuliza kama mtu anayetafuta ofisi. Sista wa zamu akaniambia maji si kazi yake, yeye ameshaandika kwenye kitabu cha mahitaji mara tatu. Nikaenda kwa msimamizi wa wodi, akanionyesha kitabu chenyewe, na kweli kimeandikwa, akanielekeza stoo. Wa stoo akasema anatoa kilichomo, kisichomo anasubiri mgao. Fundi wa majengo akasema pampu inasubiri kipuri, na kipuri kinasubiri saini. Katibu wa hospitali akaniuliza kwa upole kama nimeongea na daktari. Daktari naye, mtu muungwana kabisa, akaniambia ambukizo la kidonda ni hatari inayojulikana katika upasuaji wowote, na dada alitia saini fomu ya ridhaa. Jioni yake mhudumu wa usafi akatutupia lawama sisi ndugu: tunaingia wengi, tunakalia vitanda, tunaleta uchafu wa njiani.

Mheshimiwa, watu wote hawa walisema kweli. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Kila mmoja alishika kipande chake cha ukweli na hakuna aliyedanganya, lakini ukiunganisha vipande vyote hupati mtu. Kuhusu fomu, niliisoma. Dada aliridhia kisu na dawa ya usingizi. Bomba kavu halikuandikwa mle.

Na yule mhudumu wa usafi nimkubalie. Siku tatu za mwanzo nilikuwa nakalia kitanda cha dada, namrekebishia shuka, namshika karibu na kidonda kwa mikono iliyotoka kushika mlango wa choo. Hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza. Huenda kijidudu kile nilikileta mimi. Huenda alikuwa nacho mwenyewe kwenye ngozi, maana madaktari husema maambukizi mengi ya vidonda hutokana na bakteria tunaoishi nao kila siku, wakipata tu upenyo wa kuingia. Kwa hiyo sikuandikii ili nesi mmoja aitwe ofisini aandikiwe barua ya onyo. Hilo ni jepesi, na ndilo linalofanywa kila mara, kisha kila kitu kinaendelea kama jana.

Ngoja nikusimulie kuhusu nesi huyo huyo. Usiku alikuwa peke yake na wagonjwa 40. Nilimwona akipita na troli la vidonda kitanda hadi kitanda. Alivaa glovu mlangoni, akafungua bandeji ya kwanza, akaandika kwenye faili, akasogeza pazia, akapokea simu, akafungua bandeji ya pili. Glovu zile zile. Nadhani rohoni aliamini anajikinga, na kweli alikuwa anajikinga yeye. Glovu isiyobadilishwa humkinga aliyeivaa. Kwa mgonjwa wa pili ni mkono mchafu kama mwingine wowote.

Lakini tufanye hesabu. Shirika la Afya Duniani linataka mhudumu asafishe mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kufunga kidonda, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Tuseme anamgusa kila mgonjwa mara nne tu kwa zamu, na tumhesabie msamaha kwamba ananawa mara moja tu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Wagonjwa 40 mara nne ni mara 160. Kunawa kwa sabuni inavyotakiwa huchukua sekunde 40 hadi 60. Ukiweka dakika moja, hizo ni saa mbili na dakika 40 za kusimama kwenye sinki, kama lingekuwa na maji, na hapo hujamhesabia hatua za kwenda na kurudi. Kitakasa chenye spiriti kikiwa pale pale kitandani, sekunde 20 hadi 30 zinatosha, muda unapungua kwa nusu au zaidi. (Si kwa kila kijidudu: mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, au mgonjwa akiwa na aina fulani za kuhara, spiriti haisaidii, lazima maji na sabuni.) Kwa hiyo unapomuuliza nesi kwa nini hakunawa, umeuliza pia maswali matatu yasiyomhusu: nani kampa wagonjwa 40 peke yake, nani kaacha bomba likauke, nani kaweka chupa mlangoni badala ya kitandani.

Haya hayakuanza leo. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis alikuwa anafanya kazi katika hospitali kuu ya Vienna, Austria, iliyokuwa na wodi mbili za wazazi. Moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, nyingine na wakunga, na kina mama walikuwa wanakufa kwa homa ya wazazi, zaidi upande wa madaktari. Sababu aliigundua rafiki yake alipokufa: alikatwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akaugua mfano wa homa ile ile ya wazazi. Madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti wanakwenda moja kwa moja kuzalisha. Aprili ya mwaka huo wodi yao ilipoteza kina mama takriban 18 katika kila 100. Mei akaamuru kila anayeingia anawe kwa maji ya klorini. Juni vifo vilikuwa viwili hivi katika kila 100.

Watu hupenda kusimulia jinsi wenzake walivyomkataa. Mimi nilichokishika ni kidogo zaidi: aliweka beseni. Kabla ya kumlaumu mtu kwa kutonawa, beseni lenye dawa lilikuwa tayari liko pale mlangoni. Sisi, miaka zaidi ya 170 baadaye, tumeanza na bango.

Wala tatizo si la hospitali moja. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa katika nchi tajiri, 7 hupata angalau ambukizo moja humo humo hospitalini. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni 15. Kwa wastani, mmoja katika kila 10 wanaoambukizwa hufa. Shirika hilo hilo linasema usafi wa mikono na hatua nyingine zisizo na gharama kubwa zinaweza kuzuia hadi asilimia 70 ya maambukizi haya. Hata wenye pesa basi hawajapona ugonjwa huu. Tofauti yao ni kwamba baadhi yao wameanza kumuuliza mtu mmoja anayejulikana kwa cheo.

Huko Uingereza, hospitali za England zililazimishwa kuanzia 2001 kuhesabu na kuripoti wagonjwa walioingiwa na MRSA kwenye damu. MRSA ni bakteria sugu wa hospitalini anayeogopwa sana. Mwaka 2004 serikali ikatoa lengo: ifikapo 2008 idadi iwe nusu. Swali likahama kutoka kwa nesi likaenda kwa mtendaji mkuu wa hospitali, na nambari zikawa zinatangazwa. Ilishuka zaidi ya nusu. Bakteria hawakubadilika tabia, waliobadilika ni wakubwa.

Mfano wa Michigan, Marekani, ndio unaonigusa zaidi. Zaidi ya wodi 100 za wagonjwa mahututi zilikubaliana mambo matano kila daktari anapoingiza mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu: anawe, ajifunike na amfunike mgonjwa kwa vitambaa safi, apake ngozi klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), aepuke mshipa wa kwenye nyonga, na mpira utolewe mara tu usipohitajika. Hakuna jipya hapo, kila daktari aliyajua. Jipya lilikuwa kwamba nesi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari akiruka hatua, na wakubwa wa hospitali watakuwa nyuma yake. Na wakubwa hao walipoanza kuzitembelea wodi waligundua kwamba nyingi hazikuwa na klorheksidini yenyewe. Nesi hawezi kuagiza dawa. Mkubwa anaweza, na ikaagizwa. Matokeo yalichapishwa 2006: ndani ya miezi mitatu, kile kiwango cha katikati cha maambukizi ya damu yatokanayo na mpira huo, yaani cha wodi ya katikati ukizipanga zote kwa mstari, kilikuwa kimefika sifuri.

Nimeliwaza sana lile la nesi kumsimamisha daktari. Kwenye wodi yetu nilimwona mwanafunzi wa uuguzi akimtazama mkubwa wake akitaka kufungua kidonda bila kunawa. Mdomo ulifunguka, ukajifunga. Nami pia niliufunga wangu. Mtu mwenye mgonjwa kitandani hamkosoi anayeshika mkasi.

Kwa hiyo ombi langu, Mheshimiwa, si bango jingine. Wala si semina, kwa sababu mambo ya semina tunayajua, watu watasaini posho na bomba litabaki kavu.

Naomba kila hospitali iwe na mtu mmoja mwenye jina mlangoni, anayejibu kuhusu maambukizi yanayopatikana humo, na mtu huyo awe mkuu wa hospitali mwenyewe. Asimsukumie sista. Chini yake awepo mtaalamu wa kinga na udhibiti wa maambukizi asiyefanya kazi nyingine. Kipimo kinachotajwa duniani ni angalau mmoja kwa kila vitanda 250, na hicho ni cha chini. Naomba waliopata ambukizo wahesabiwe, kwa sababu dada yangu nina hakika hayumo kwenye hesabu yoyote. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa kwake imeandikwa amejifungua kwa upasuaji, hali nzuri. Siku 23 zimeyeyuka kwenye maneno mawili. Hesabu hiyo ibandikwe pale pale lilipo bango la kunawa, ya mwezi huu na ya mwezi uliopita, tuione sisi tunaoingia na vikapu. Na itakapopanda, asiandamwe aliyeripoti. Hospitali inayoripoti sifuri wakati haipimi usaha maabara isipewe cheti.

Kuhusu kitakasa chenye spiriti, Shirika la Afya Duniani limeshatoa maelekezo ya kukitengeneza kwenye duka la dawa la hospitali yenyewe. Sitaki kusikia tena kwamba kinasubiri mgao.

Sisi ndugu nasi tupewe sehemu yetu, kwa maneno yanayoeleweka, tangu dakika ya kwanza: nawa hapa, usikalie kitanda, usiguse kidonda, na una ruhusa ya kumuuliza yeyote kama amenawa. Hayo ya mwisho yaandikwe kwa saini yako, kwa sababu bila saini ya mkubwa hakuna atakayethubutu.

Bomba lenyewe liko mkono wa kushoto ukiingia wodi ya wazazi, kati ya dirisha na mlango wa choo. Jina la hospitali sikuliandika hapa, kwa kuwa nikiliandika litarekebishwa hilo moja na barua itakuwa imejibiwa. Nenda yoyote, bila kutuma taarifa. Fungua bomba mwenyewe, kisha muulize mtu wa kwanza aliyesimama karibu nawe ni la nani.

Wako,
Ndugu wa mgonjwa wa kitanda namba 14