Wito wa Harambee: Ramani ya Kijiji Imeliwa na Mchwa

Kwa wanakijiji wenzetu mlioko Kilosa mjini, Morogoro, Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko. Kwa waumini wa makanisa na msikiti wetu. Kwa wakwe, marafiki na wote waliowahi kula ugali wa kijiji hiki.

Tunawasalimu kwa heshima. Barua hii imecheleweshwa wiki tatu na aibu, na ni afadhali tuanze na aibu yenyewe kabla hamjaisikia kwa watu. Ramani ya kijiji tuliyoichora sote mwaka juzi chini ya mwembe wa ofisi imeliwa na mchwa. Tulipofungua kabati ili kuwaandalia wataalamu wa wilaya, karatasi za manila zilitoka zimeshikamana kwa udongo, na zilipotandazwa mezani likaonekana tundu la ukubwa wa sinia ambalo limemeza upande wote wa mashariki: mto, lambo na mapito ya mifugo. Kabati lilikuwa limesimama juu ya sakafu ya udongo na hakuna aliyekumbuka kulinyanyua kwa matofali. Kosa ni letu, wajumbe wa Kamati ya Usimamizi wa Matumizi ya Ardhi ya Kijiji, na hatumsukumii mwingine.

Mliokuwepo mnakumbuka jinsi ramani ile ilivyozaliwa. Ilianza chini, kwenye vumbi: majivu yakawa barabara, magunzi yakawa nyumba, majani mabichi yakawa msitu, na kamba ya katani ikawa mto. Wanaume walitangulia kuweka ofisi, barabara na mpaka wa shamba la zamani la mkonge, wakaridhika. Akina mama wakawauliza kama kijiji hicho kinakunywa vumbi, kisha wakapanga visima, mahali pa kuokota kuni na njia ya mkato wanayopita wajawazito kwenda zahanati. Ndipo mzee mmoja wa upande wa wafugaji akachora kwa fimbo yake mstari kutoka mbugani hadi mtoni, na mkulima mmoja akaufuta kwa unyayo. Mzee akauchora tena, ukafutwa tena. Mwenyekiti aliahirisha kikao na kututaka sote tukautembee mstari huo kwa miguu, nasi tukatembea tangu asubuhi hadi jua la utosi, mpaka tukaufikia mkuyu wenye kovu la shoka ambao wazee wa pande zote mbili waliutambua kuwa ndipo ng'ombe walipopita kabla mashamba hayajafika huko. Wakakubaliana upana wa hatua 60. Yule aliyekuwa akifuta kwa unyayo ndiye aliyeuhamishia mstari kwenye manila, kwa kalamu nyekundu, na wote wakapiga makofi.

Huo ndio mstari ulioliwa.

Baadhi yenu mmetuuliza kwa simu kwa nini tusiuchore upya kwa kumbukumbu. Tungeweza, kama kumbukumbu zetu zingekuwa bado zinapatana. Tangu siku ile masika mawili yamepita, mmoja wa wazee tuliotembea nao ametangulia mbele za haki, na ufuta umelimwa hadi kwenye shina la mkuyu. Msimu uliopita ng'ombe waliingia shambani humo, fidia ikadaiwa, na shauri likafikishwa kwenye baraza, ambako kila upande unaapa kwamba ramani iliyopotea ilikuwa upande wake. Wilaya ya Kilosa haina haja ya kuelezwa mambo haya yanaweza kufika wapi. Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, katika mapigano ya wakulima na wafugaji, waliuawa watu 38.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeikabidhi Halmashauri ya Kijiji ardhi hii iisimamie kwa niaba ya wanakijiji wote, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 imeipa uwezo wa kupanga wapi palimwe, wapi palishwe na wapi pahifadhiwe, mradi Mkutano Mkuu wa Kijiji uridhie. Mpango ukishapita, kila kaya itaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, akina mama kwa majina yao wenyewe, na wafugaji wataweza kuomba malisho yao kwa pamoja. Yote hayo yanasimama juu ya mipaka iliyokubaliwa na kupimwa. Timu ya wilaya imekubali kuja na kifaa cha GPS kabla ya mvua za masika, lakini mafuta ya gari, chakula cha siku sita, saruji ya vigingi na gharama za wajumbe wa vijiji jirani watakaosaini mipaka pamoja nasi ni juu yetu. Tarehe ikitupita, timu itakwenda kijiji kingine.

Tunahitaji shilingi 6,800,000. Kijijini tumekwisha kuchanga shilingi 2,150,000, pamoja na mahindi debe 14 na beberu wawili waliotolewa na wafugaji, ambao, tuseme ukweli, wametoa haraka kuliko sisi tunaolima.

Hatuandiki kwa watu wasiojua kutoa. Bati za zahanati zilitoka kwenu, na kuna ndugu aliyetuma mifuko 20 ya saruji akakataa jina lake lisisomwe. Wapo pia, nasi tunawapenda, ambao tunawaona wakija kuzika tu, wakauliza shamba la marehemu baba linaishia wapi. Swali hilo ndilo tunalotaka kulijibu kwa vigingi.

Harambee itafanyika chini ya mwembe ule ule, Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada. Ndugu zetu wa msikitini walikwisha kuanza kuchangishana Ijumaa iliyopita. Walio mbali watume kwa mweka hazina wa kamati, kupitia kwa jamaa zao waliopo kijijini, na wadai stakabadhi. Mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi na kusomwa katika Mkutano Mkuu wa robo mwaka.

Na atakayeweza kutupatia sanduku la bati lenye kufuli, la kuhifadhia ramani mpya, tafadhali asisubiri siku ya harambee.

Katibu, kwa niaba ya Kamati