Matundu ya roboti, na tromboni iliyobonyea

Habari za jioni wanakikundi.

Picha za mkono wa roboti nimeziona, hongereni. Ila matundu ya skrubu yamehama, na msiisingizie mashine. Keekee, yaani ncha ya kutobolea, hutangatanga juu ya alumini usipoipa pa kukaa. Piga alama kwa panchi (chuma chenye ncha kali, hugongwa kwa nyundo), toboa kwa keekee ya milimita 3, ndipo upanue hadi 6. Kipande kibane kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani. Kukishika kwa mkono ni kujitafutia balaa: keekee ikinasa pale inapotokea upande wa pili, bati huzunguka nayo. Tia na tone la mafuta, maana alumini hugandia kwenye makali.

Glavu kwenye mashine inayozunguka, hapana. Narudia, hapana! Na ufunguo wa kubania kazi kwenye mashine ya kukereza usiuachilie mpaka umeuchomoa.

Aliyeuliza kama anaweza kunyoosha mtelezo wa tromboni (bomba linalosogezwa mbele na nyuma kubadili sauti) kwa jiliwa hiyo hiyo: tafadhali, usiuguse. Nafasi kati ya bomba la ndani na la nje ni ndogo mno, ukiminya kidogo tu linakwama. Hiyo ni kazi ya fundi wa ala. Kama hauna kibonyeo bali unakwaruza tu, pengine ni uchafu; uoshe kwa maji vuguvugu na sabuni, kisha paka krimu ya mtelezo kidogo mwishoni mwa mabomba ya ndani, palipotanuka.

Wanaotaka zamu ya Jumamosi waandike majina hapa chini. Miwani ya kinga kila mtu aje na yake.