Kama mfumo unajisimamia, ada ya kila mwezi ni ya nini?

Swali hili limerudi tena wiki iliyopita kwetu sisi mafundi tunaofunga na kuangalia mifumo ya kompyuta, kutoka kwa mteja mwenye duka la jumla hapa Mwanjelwa, Mbeya, na safari hii lilikuja na hasira: "Mliniambia mfumo unajisimamia wenyewe. Mbona kila mwezi mnataka 80,000? Mnanila." Hatumli mtu, bosi wetu. Tueleze.

Kompyuta kujisimamia si maneno yetu ya biashara. Mwaka 2001 Paul Horn wa IBM alitaka mifumo ijiendeshe jinsi mwili unavyoendesha mapigo ya moyo bila mwenyewe kuyafikiria: ijipange, ijiponye, ijiboreshe, ijilinde. Kazi yenyewe ni mzunguko. Programu inatazama hali, inachambua, inapanga, inatenda, kisha inarudi kutazama. Hapo kwenye kutenda ndipo pesa yako inapotoka. Kusema lengo ni lipi na mwisho wa ruhusa ni wapi, hiyo imebaki kazi ya binadamu.

Sasa njia ya mkato. Tukifunga mfumo wa stoo tunaupa akaunti yake yenye ruhusa chache: usome mauzo, uandae oda. Oda ikizidi kiwango, meseji inaenda kwa bosi, naye anajibu NDIYO au HAPANA. Baada ya muda bosi anachoka na meseji. Anamwita mpwa wake anayejua kompyuta kidogo, wanaupa mfumo neno la siri la bosi mwenyewe ili ujikubalie.

Muuza vifaa vya ujenzi mmoja alifanya hivyo. Kijana wa kaunta akauza mifuko 30 ya saruji, akaandika 300. Mfumo ukaona saruji imekwisha, ukaagiza, ukajikubalia. Asubuhi fuso hilo hapo mlangoni. Stoo haikutosha, mifuko ikapangwa barazani juu ya sakafu tupu, na ilikuwa Februari. Mvua za Mbeya mnazijua. Ile ya chini yote iligandana ikawa mawe, unaipiga teke unaumiza kidole. Kelele tulipigiwa sisi.

Msidhani ni ushamba wa maduka yetu. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilikuwa imeweka programu mpya kwenye seva (kompyuta zake kuu) saba kati ya nane. Ya nane ikabaki na ya zamani. Soko lilipofunguliwa ikaanza kutuma oda ovyo, na dakika 45 zikala zaidi ya dola milioni 400. Kinachotuuma sisi mafundi ni kwamba kabla ya soko kufunguliwa, mfumo wao ulishatuma barua pepe 97 zenye dalili ya hitilafu. Hakuna aliyezifanyia kazi. Sehemu kubwa ya ada yenu inamlipa mtu wa kusoma taarifa za namna hiyo.

Nyingine ni ya mashine ya mpunga kule Mbarali. Programu ilikuwa inawalipa wakulima kwa simu. Mtandao ukasuasua, jibu halikurudi, programu ikadhani malipo yamefeli ikatuma tena. Waliolipwa mara mbili, wengine walirudisha, wengine walizima simu. Aliyeifunga aliuza bei poa akaondoka. Tulipoitwa, kila malipo tuliyapa namba yake moja isiyojirudia, na programu ikalazimika kuuliza kwanza kama namba ile imeshalipwa. Ni kazi ndogo kwa macho, lakini tuliijaribu kwa kukata mtandao makusudi katikati ya muamala, tena na tena, mpaka tukaridhika.

Hata kujiponya kuna hila zake. Seva inayojiwasha upya kila usiku humfurahisha mwenye duka, kumbe diski inakufa taratibu. Sisi tunauliza kwa nini imejiwasha. Bekapu, yaani nakala ya akiba ya kumbukumbu zako, nayo tunairudisha kwenye kompyuta nyingine tuone kama inafunguka; kuona tu kwamba faili lipo hakutoshi.

Anayetaka ada ipungue, inawezekana: punguzeni mambo mfumo unayoruhusiwa kuyafanya peke yake. Unaopendekeza oda na kusubiri mtu aitume tunauangalia kwa 40,000. Unaogusa pesa au kuagiza mzigo bila kuuliza, bei yake ni ileile 80,000, na neno la siri la bosi hatuliweki humo hata ukituongeza.