Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka tuliompoteza Bibi Nesi

Mbukwenyi, nawasalimu kwa Kigogo, ndugu wanachama, dada zangu, kaka zangu na wazee wetu mliotutangulia kazini.

Kawaida taarifa hii huwa inaanza na hesabu ila mwaka huu naomba mniruhusu nigeuze, hesabu mweka hazina atawasomea mwenyewe na zimekaa vizuri, mimi nataka nimuongelee Bibi Nesi. Pale msibani wanachama wapya walikuwa wananiuliza huyu mama ni nani hasa mbona watu wanashuka na magari mpaka kutoka Hombolo na Kongwa, nikawaambia nitajibu mkutanoni, ndo leo.

Bibi Nesi hakuwa Mgogo jamani, ingawa Kigogo alikiongea kutupita wengine tuliozaliwa huku Dodoma. Alizaliwa Mara, upande wa ziwa, miaka michache baada ya wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani kufungua kituo chao cha kwanza Shirati mwaka 1934. Wazazi wake walibatizwa huko, yeye akabatizwa baadae akiwa binti mkubwa, maana Wamennonite hawabatizi watoto wachanga, wanasubiri mtu aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ameamini. Unesi akausomea hukohuko hospitali ya Shirati, na Shirati ya enzi zile ilikuwa inahudumia wagonjwa wengi wa ukoma, ndo alipojifunzia kazi ya kutunza miguu. Hapa naomba nikae kidogo.

Sisi wa kazi hii ya kuuguza tunajua ukoma unaharibu neva, mguu unakufa ganzi, mtu anakanyaga mwiba au kaa la moto wala hasikii, anaendelea kutembea mpaka kidonda kinafika kwenye mfupa. Dawa mseto zilipokuja miaka ya 80 zilikuwa ukombozi mkubwa sana, zinaua vijidudu, lakini ganzi iliyokwisha kukaa haiondoki, kwahiyo mtu amepona kabisa na bado anaweza akapoteza vidole asipojitunza. Kinachobaki ni beseni. Unaloweka mguu, unasugua ile ngozi ngumu taratibu, unapaka mafuta, unakagua unyayo, kesho unarudia, na kiatu kiwe na sponji laini ndani na soli ya tairi chini. Bibi Nesi aliifanya kazi hii amechuchumaa, kwa mikono yake, kipindi ambacho kuna watumishi wenzetu walikuwa wanamsukumia mgonjwa wa ukoma sahani kwa mguu. Mimi nikiwa nesi mdogo nilimuuliza kama haoni kinyaa, akanieleza kwamba kanisani kwao wakishiriki meza ya Bwana huwa wanaoshana miguu, akinamama na akinamama, akinababa na akinababa, kama Yesu alivyowafanyia wanafunzi kwenye Yohana 13, sasa kama Jumapili ameosha miguu ya dada mzima ambaye hata haihitaji kuoshwa, haoni atamkwepaje Jumatatu yule ambaye anaihitaji. Alisema hivyo akiwa anaendelea kusugua.

Dodoma alikuja kumfuata mumewe, mtumishi wa serikali, baada ya ule uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu huku. Meli kutoka Musoma mpaka Mwanza, kisha treni kupitia Tabora na watoto wadogo mgongoni na kiunoni. Alikuta vumbi, upepo, maji ya shida, na Wamennonite wenzake wachache mno maana huku Waanglikana na Wakatoliki ndo wametawala. Wala hakuona tabu, alisali na waliokuwepo.

Kongwa wanamkumbuka kwa jambo lingine kabisa, macho. Vikope vilikuwa vimeshika familia nzimanzima, nzi kwenye nyuso za watoto, na ukishaugua tena na tena tangu utotoni unakuja ukubwani kope zinageukia ndani zinakwaruza mboni mpaka unapofuka, na akinamama ndo walioumia zaidi kwa sababu wao ndo wanaolala na watoto, wengine walikuwa wanatembea na kibanio shingoni cha kung'olea kope. Ukiwaambia wamnawishe mtoto uso wanakujibu maji tunafuata mbali, na ni kweli ni mbali. Basi yeye alikuwa habishani. Anaomba kopo moja la maji, anawauliza akinamama hili litanawisha watoto wangapi, wanasema wawili, watatu, alafu anawapanga watoto mstari anaanza kumimina kidogokidogo kiganjani, anafuta, anaita mwingine, na akinamama wanahesabu kwa sauti na kucheka mpaka watoto wanaisha na maji bado yapo. Nimehudhuria semina nyingi za elimu ya afya lakini sijaona somo lililoeleweka kama lile.

Nyumbani je? Maana alikuwa mama pia na hilo tusilipite. Mumewe alitangulia mapema, akabaki na watoto wake na mshahara wa nesi, na juu yao akaongeza mtoto ambaye mama yake alifia leba na ndugu hawakutokea. Usiku zamu, asubuhi anapika uji wa uwele, anakagua madaftari, analala masaa machache, jioni yupo kwenye bustani ya zabibu. Huyo mtoto wa leba ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu, na wale wa kuzaa ndo waliomchagua asome. Binti mmoja ni mkunga sasa. Bibi mwenyewe alifariki nyumbani amezidi miaka 85, watoto wakiwa wamemzunguka wanaimba tenzi.

Kwenye chama hiki alikuwa mweka hazina wa kwanza. Wazee mnakumbuka katiba yetu ya mwanzo ilitaka viongozi waape, yeye akakataa kwa upole, akasema Wamennonite hawaapi, ndiyo yao ni ndiyo, ila ataandika kila shilingi. Na aliandika. Kile kifungu tukakibadilisha, sa hivi kiongozi anaahidi tu.

Mengine ya mwaka kwa kifupi: mfuko wa kufa na kuzikana umelipa misiba yote kwa wakati, wanachama wanaosumbuliwa na kadi za bima mwoneni katibu baada ya kikao, na ada bado inasuasua, naomba tujitahidi.

Sasa ombi la kamati. Bibi Nesi mpaka mwaka wake wa mwisho alikuwa anapiga simu kuuliza nani kaenda Hombolo kuwaona wazee waliopona ukoma, na kusema ukweli alikuwa anaenda yeye na binti yake. Kamati inapendekeza ziara hiyo iwe ya chama kila baada ya miezi mitatu, kwa zamu, na bajeti yake ni ndogo tu, mabeseni, mafuta, bandeji, viatu na nauli. Sitaki tupige makofi tu alafu tutawanyike, nataka kura. Katibu atapitisha karatasi ya majina ya zamu ya kwanza na mimi nimeshajiandika, ukijiandikisha weka na namba ya simu.

Mwenyekiti