Risala ya Walimu wa Darasa la Tano kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Ndugu mgeni rasmi, mwalimu mkuu, wazazi na wanafunzi,

Karibu sana. Kabla hujapita mezani kukagua kazi za watoto, tunaomba tukueleze wanachojifunza mwaka huu, na hasa pale wanapokwama, maana daftari lenye vyema vitupu halionyeshi mtoto alivyohangaika.

Tuanze na hisabati, ndiyo iliyokula muda mwingi. Darasa la tano hujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti. Ukiwapa 1/2 + 1/3, wengi huandika 2/5: wamejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Kalamu nyekundu peke yake haiponyi kosa hilo. Mtoto hupewa vipande viwili vya karatasi, kila kimoja sentimita 12. Kimoja anakikata nusu, anapata sentimita 6. Cha pili anakikata theluthi, anapata sentimita 4. Akiviunganisha ni sentimita 10. Kisha anatafuta 2/5 ya 12: ni 4.8, fupi kuliko hata ile nusu peke yake! Baada ya hapo KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) ya 2 na 3, ambayo ni 6, haikaririwi tena: 3/6 + 2/6 = 5/6, nazo ndizo zile 10 katika 12. Kwenye desimali, kosa sugu ni kudhani 0.45 ni kubwa kuliko 0.5. Wakiiandika 0.50, ubishi unaisha.

Meza ya sayansi ina majani yenye rangi mbili. Mmea hukaa gizani siku mbili, sehemu ya jani ikafunikwa kwa karatasi nyeusi, ndipo mmea ukaanikwa juani kwa saa kadhaa. Jani huchemshwa kidogo kwenye maji, kisha hutiwa kwenye spiriti iliyo katika chombo kilichozamishwa ndani ya maji ya moto. Moto huwa umeshazimwa, kwa kuwa mvuke wa spiriti hudaka moto upesi. Hatua hiyo ni ya mwalimu. Jani likipauka husuuzwa kwa maji ya uvuguvugu ili lilainike, ndipo linadondoshewa iodini. Palipopata mwanga panakuwa bluu iliyokoza, karibu nyeusi: pana wanga. Anayeruka zile siku mbili za giza huharibu jaribio zima, kwani wanga wa zamani bado umo, na hata palipofunikwa panakoza. Watoto wakaondoka wakiamini jani halihitaji mwanga!

Maarifa ya jamii wako kwenye skeli ya ramani. Katika 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Shida ni barabara yenye kona: rula huipima kama mstari mnyoofu, umbali ukapungua. Uzi hulazwa juu ya kona zote, ndipo unyooshwe kwenye rula.

Kwenye lugha hatuna mengi: ufupisho unawashinda kwa sababu wananakili sentensi badala ya kuchagua hoja.

Ombi letu ni moja: kabati lenye kufuli, lililo mbali na jua na moto, la kutunzia spiriti na iodini.

Ukifika meza ya hisabati, tafadhali muulize mtoto yeyote kwa nini jibu si 2/5. Karatasi na mkasi vipo.

Tunaomba kuwasilisha.