Mwanangu, shika bikari tutafute kitovu cha tetemeko

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa Dodoma, sote hatujambo. Umeuliza inakuwaje tetemeko moja litangazwe na taasisi mbili kwa namba mbili za ukubwa, huku 5.1, kule 5.4, na vitovu vipishane kilomita kumi na tano. Hakuna aliyedanganya. Namba hizo hukokotolewa, na ukiijua hesabu yake utajua pia uziamini kwa kiasi gani. Tafuta karatasi, rula na bikari kabla hujaendelea kusoma.

Chanzo nitakigusa tu, maana umeshakisoma darasani. Upande wa mashariki wa Afrika unajitenga na sehemu nyingine ya bara, milimita chache kwa mwaka, na mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa ukifika huku kwetu unatawanyika kuwa nyufa nyingi. Ule mpando mkali unaokutana nao ukitoka Bahi kwenda Kilimatinde ni ukuta wa ufa. Miamba ya pande mbili za ufa haitelezi kila siku. Msuguano huishika, nayo hupinda kidogo kidogo kwa miaka mingi, hadi siku msuguano unaposhindwa na pande zote mbili zikafyatuka. Harry Fielding Reid alieleza jambo hilo mwaka 1910, baada ya tetemeko la San Francisco la 1906. Pale chini mpasuko unapoanzia ndipo kwenye kiini. Sehemu ya juu ya ardhi iliyo wima juu yake ndiyo kitovu. Usivichanganye, utaona sababu hivi punde.

Kutoka kwenye kiini huondoka mawimbi ya aina mbili yanayotufaa. Wimbi la P husukuma na kuvuta mwamba kuelekea linakokwenda, na katika ganda la dunia husafiri kama kilomita 6 kwa sekunde. Wimbi la S hutikisa mwamba kwa kukata njia yake, nalo huenda kama kilomita 3.5 kwa sekunde. Kwa kila kilomita moja P hutumia sekunde 0.167 na S hutumia 0.286, hivyo S huachwa nyuma kwa sekunde 0.119. Gawa 1 kwa 0.119, utapata 8.4. Yaani kila sekunde moja ya pengo kati ya P na S ni kilomita 8.4 za umbali. Huna haja ya kujua tetemeko lilianza saa ngapi.

Sasa tuchore. Vituo hivi vya kupima mitetemo ni vya mfano, ila umbali unakaribiana na wa kweli. Sentimita 1 iwe kilomita 10. Weka nukta ya Dodoma chini ya karatasi, na Kondoa sentimita 14.1 wima juu yake. Singida iwe sentimita 11.5 kushoto mwa Kondoa na 0.9 juu zaidi. Kondoa wamesoma pengo la sekunde 7.8, Dodoma 9.4, Singida 17.9. Zidisha kila moja kwa 8.4: kilomita 66, 79 na 150. Chora duara kwa kila kituo, umbali huo ukiwa nusu kipenyo chake.

Duara la Kondoa na la Dodoma yanakatana mahali pawili, kilomita 17 hivi mashariki na 17 magharibi ya mstari unaounganisha miji hiyo. Vituo viwili haviwezi kuchagua. Singida ndiyo inayoamua: nukta ya magharibi ingekuwa kilomita 122 tu kutoka kwake, na pengo lingekuwa sekunde 14.5. Kwa kuwa walisoma 17.9, kitovu ni kile cha mashariki, upande wa milima ya Chenene.

Hapa ndipo ninapotaka ukae sana. Badilisha usomaji wa Kondoa uwe 7.3 badala ya 7.8, kosa la nusu sekunde. Kilomita 66 zinakuwa 61, na duara mbili hazigusani tena kabisa! Nusu sekunde si kosa la mzembe. Mwanzo wa S huja ndani ya mkia wa P, juu ya mtikisiko ambao haujatulia, na wasomaji wawili waliobobea wanaweza kuweka alama mahali tofauti. Ubaya zaidi wa mfano wetu ni kwamba tetemeko liko karibu katikati ya vituo viwili, duara zinabusiana pembeni badala ya kukatana kwa msalaba, hivyo kosa dogo la muda linakuwa kosa kubwa la mahali. Kilomita zako kumi na tano ziko hapo. Dawa yake ni vituo vingi vinavyolizunguka tetemeko pande zote, na kompyuta inayosogeza kitovu, kina na saa ya kuanza, tena na tena, mpaka tofauti kati ya muda uliokokotolewa na uliosomwa iwe ndogo kuliko zote.

Na kina? Umbali tuliopata ni wa kwenda kwenye kiini, si kitovu. Ukidhani kiini kiko kilomita 10 chini, kitovu chetu kinasogea kama kilomita 3. Ukidhani 20, nusu kipenyo za 66 na 79 zinakuwa 63 na 76, jumla 139, wakati Kondoa na Dodoma zimeachana kilomita 141. Duara zinakataa kukutana. Kina ndiyo namba dhaifu kuliko zote kama hakuna kituo karibu na kitovu, kwa hiyo ukiona kimetangazwa kilomita 10 kamili, mara nyingi ni kina kilichowekwa tu ili hesabu iendelee.

Kifaa chenyewe cha kupimia mitetemo kina uzito ulioning'inizwa kwa springi. Ardhi inapotikisika uzito hubaki nyuma, kama abiria aliyesimama daladala inapoondoka ghafla, na koili ndani ya sumaku hugeuza tofauti hiyo kuwa umeme. Vipimo ni vitatu: juu na chini, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Hufungwa juu ya zege lililoshikana na mwamba, lisiloguswa na ukuta wa kibanda, kwa sababu upepo ukisukuma ukuta nao huandikwa. Mshale wa kifaa uelekee kaskazini ya kweli, si ya dira. Saa yake hurekebishwa na setilaiti za GPS. Antena ikikatika, saa huanza kupotea kimyakimya huku mchoro ukionekana mzuri, na hilo ndilo kosa ninalolichukia kuliko betri kufa, maana betri ikifa angalau unajua. Mbali na barabara ya malori na reli, tafadhali. Dodoma ina mawe ya granite yaliyojitokeza juu, hatuna sababu ya kufunga kifaa kwenye udongo laini.

Udongo huo huo unatuleta kwenye ukubwa. Charles Richter, mwaka 1935, alipanga kwamba tetemeko linalosogeza mstari wa mchoro wa kifaa cha aina moja milimita 1, likiwa umbali wa kilomita 100, liwe 3. Likisogeza milimita 10, ni 4. Kifaa kilichofungwa kwenye mfinyanzi wa mbuga ya Bahi kitaandika mtikisiko mkubwa kuliko cha kwenye mwamba, na ukubwa utapanda bila tetemeko kubadilika. Ndiyo maana huchukuliwa wastani wa vituo vingi.

Siku hizi hutegemewa zaidi ukubwa wa momenti, wa Hanks na Kanamori wa 1979. Zidisha ugumu wa mwamba, eneo la ufa lililopasuka na urefu lilivyoteleza, upate momenti. Ufa wa kilomita 10 kwa 5 ukiteleza sentimita 20, kwa ugumu wa paskali 3×10¹⁰, momenti ni 3×10¹⁷. Logi yake 17.48; toa 9.1, zidisha kwa 2, gawa kwa 3: 5.6. Tangazo la haraka hutumia urefu wa mawimbi ya vituo vichache vya mwanzo. Lile la baadaye hutumia momenti na vituo vingi. Ukipata mawili, shika la baadaye.

Usione 0.3 ni kidogo, lakini. Nukta moja nzima ni nishati mara 32, na kati ya 5.1 na 5.4 ni karibu mara tatu. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilikuwa 5.9, lile la Rukwa la Desemba 1910 hukadiriwa 7.4, nishati kama mara 180.

Kazi yako: punguza mtelezo wa ule ufa uwe sentimita 10, unitumie jibu pamoja na picha ya mchoro wako.

Baba yako