Mapezi ya beta yamechanika au yanaoza? Tazama ukingo kabla ya kununua dawa

Wateja wengi wenye beta, samaki mdogo wa mapambo, aliyeharibika mapezi huingia dukani kwetu na swali moja: "Nimpe dawa gani?" Sisi huanza kwingine. Tunaomba picha ya pezi iliyopigwa kwa karibu, kisha tunaomba maji ya tangi lake. Mara nyingi maji hayo ndiyo yanayotoa jibu, na mteja anaondoka bila kununua dawa yoyote.

Mpigie beta wako tochi kutoka ubavuni, apanue mkia, kisha uangalie ukingo wa pezi. Kama umepasuka kwa mstari ulionyooka, rangi ni ileile hadi mwisho, na jana yake ulikuwa mzima, hilo ni jeraha la kukwaruzwa. Kama kipande kizima kimetoweka usiku mmoja na kuacha alama ya duara kama mwezi mchanga, amejing'ata mwenyewe, au aliyewekwa naye amemng'ata. Lakini ukingo ukiwa umechakaa bila mpangilio, una mstari mweusi, wa kahawia au mwekundu, na kila baada ya siku chache pezi linazidi kuwa fupi, hapo ni kuoza kwa mapezi, yaani bakteria. Bakteria hao, wakiwemo wa jamii za Aeromonas na Pseudomonas, huwamo majini siku zote. Huanza kumla samaki pale kinga yake inaposhuka.

Kuna hali ya nne inayowatisha watu bure. Pezi linapoanza kuota upya, ukingo wake huwa mwembamba na mwangavu, karibu hauna rangi. Wapo wanaodhani ni ukungu, wakamwaga dawa juu ya samaki anayepona. Ukungu una manyoya kama pamba. Pezi jipya ni laini, na miale yake inaonekana ikiendelea kutoka kwenye pezi la zamani.

Jeraha la kukwaruzwa lina chanzo, na chanzo hicho kwa kawaida kimo ndani ya tangi. Chukua kipande cha soksi ya nailoni, ile nyepesi ya kina mama, ukipitishe juu ya kila pambo: majani ya plastiki, kibanda, mawe. Kikinasa popote, hapo ndipo mkia unapochanikia. Mdomo wa filta nao ufunike kwa sponji. Anayejing'ata huwa ni yule mwenye mkia mkubwa uliofunguka nusu duara. Mkia ule ni mzigo, na mkondo wa maji ukiwa mkali anachoka. Punguza nguvu ya filta, ziba kwa karatasi upande wa kioo anaojitazamia, muongezee mimea ya kujificha.

Sasa kuoza, ambako ndiko tunakokuona zaidi. Chanzo kikubwa ni amonia. Kinyesi na chakula kilichobaki huzalisha amonia, na maji yenye amonia yanaweza kuwa meupe pee kiasi cha kukutamanisha kuyanywa. Kwa macho hutajua, lazima upime. Amonia inatakiwa iwe 0, nitraiti 0, na nitreti (hizi mbili hutokana na amonia inapoliwa na bakteria) isizidi miligramu 40 kwa lita. Tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 ili bakteria wazuri wa kula amonia wajae kwenye filta. Anayeosha filta kwa maji ya bomba na sabuni kila Jumamosi, akijua anafanya usafi, anawaua hao hao wanaomlinda samaki wake. Suuza sponji ya filta kwenye maji uliyoyatoa tangini, basi.

Linatuuma pia neno linaloenezwa kwamba beta anatosheka na gilasi kwa kuwa kwao Thailand anaishi kwenye madimbwi. Mashamba ya mpunga na vinamasi vya kule vina kina kifupi, ndiyo, lakini ni vipana na vina joto. Uwezo wake wa kuvuta hewa juu ya maji unamwezesha kuvumilia gilasi. Haumkingi na amonia. Mpe lita 15 au 20, na joto la nyuzi 25 hadi 27. Dar es Salaam joto hilo mara nyingi linapatikana lenyewe. Arusha, Iringa au Nairobi mwezi wa Julai, bila hita anaganda, kinga inashuka, na mapezi yanaanza kuliwa.

Matibabu ya kuoza kulikoanza karibuni: badilisha nusu ya maji leo, kisha robo kila siku kwa wiki moja. Maji ya bomba yatolewe klorini kwa dawa yake, au yaachwe kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima, na yawe na joto sawa na ya tangini. Kwa wengi hilo peke yake linatosha.

Kuoza kukiendelea, mhamishie kwenye chombo cha lita 5 chenye mfuniko uliotobolewa, maana beta huruka. Yeyusha pembeni kijiko kidogo kimoja cha chumvi isiyo na viungo, kilichosawazishwa, ndipo umimine. Kila siku badilisha karibu maji yote na kurudisha chumvi kwa kipimo hicho hicho, usizidishe siku 10. Usiiweke chumvi kwenye tangi lenye mimea au konokono.

Jani kavu la mkungu, lile linalookotwa chini ya mti kando ya barabara huku pwani, ni msaada mzuri. Chagua lililoanguka lenyewe na kukauka likawa la kahawia, mbali na moshi wa magari na dawa za wadudu, ulioshe na uliweke. Maji yatageuka rangi ya chai, hayamdhuru. Jani linamtuliza na kupunguza bakteria kidogo, lakini halichukui nafasi ya maji safi.

Tunaomba sana, usifungue kapsuli za binadamu za tetrasaiklini, ambayo ni antibaiotiki, ukazimwaga tangini. Kwenye maji magumu kama ya visima vingi dawa hiyo hupoteza nguvu, na inaweza kuua bakteria wa filta. Antibaiotiki tunaizungumzia pale kuoza kunapokaribia shina la pezi, au samaki anapokataa chakula. Ukiona utando mweupe au wa kijivu ukisambaa haraka mgongoni, usiongeze joto: ugonjwa huo hukimbia zaidi kwenye maji ya moto.

Pezi huanza kuota ndani ya wiki moja au mbili, lakini kurudi lote huchukua miezi, na rangi huenda isifanane na ya awali. Likiliwa hadi shinani, huenda lisirudi tena.

Kupima maji tunafanya dukani ukisubiri. Lete nusu lita kwenye chupa safi isiyonuka sabuni, iliyochotwa siku hiyo kabla hujabadilisha maji, pamoja na picha ya leo na ya juzi kama unayo. Samaki mwache nyumbani. Daladala ya mchana itamchosha bure. Ila kama kidonda kimeshafika mwilini, usingoje nafasi ya kuja: tupigie simu siku hiyo hiyo.